Friza yangu ndiyo iliyokuwa ikila tokeni za wapangaji

Mhariri,

Wiki iliyopita, katika ukurasa wako huu wa barua, mwenye nyumba mmoja wa Kisauni alitupa wosia sisi wenzake. Mpangaji mwenye televisheni aongezwe shilingi mia tatu, mwenye friji mia tano, mwenye koili, lile jiko la stima, elfu mbili, kwa kuwa tokeni za stima haziliwi na mashetani. Niliposoma nilicheka, kisha nikaona haya. Orodha ile ilikuwa yangu. Nimeitumia miezi saba mizima, na imenigharimu pesa za kurudisha, tena imenibidi nimwombe radhi mtu niliyemzidi umri kwa miaka thelathini.

Nina nyumba ya Kiswahili huku Majengo: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, ua nyuma, na mita moja ya stima karibu na mlango wa mbele. Chumba kimoja nalala mimi, vitano vina wapangaji. Mwenzangu wa Kisauni anajua maisha haya. Bei ya yuniti inabadilika mwezi hadi mwezi, mita ni moja, midomo ni mingi, na zikikatika saa tano za usiku mlango unaogongwa ni wa mwenye nyumba.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Kila chumba shilingi 700 kwa mwezi. Mama wa chumba cha nne, anayeuza mbaazi na mahamri asubuhi pale konani, namwongeza 2,000 kwa ajili ya koili yake. Kijana wa chumba cha pili, dereva wa tuktuk, 600 kwa ajili ya televisheni na yale maspika yake. Kinachopelea natia mimi, mara mia saba, mara mia nane, na moyoni nikijihesabu kuwa nami nalipa kama mpangaji yeyote. Nikajiona mwadilifu.

Na bado tokeni zikawa zinayeyuka kama barafu juani. Yuniti 275 kwa mwezi, nyumba ya watu wanaoshinda kazini! Nikamwandama mama wa chumba cha nne. Kila alfajiri nikipita ukumbini naiona ile koili yake imewiva, nyekundu kama jicho la mgonjwa, sufuria ya mbaazi juu yake. Siku moja nikamwambia pesa zangu zinachemka mle pamoja na mbaazi. Alinijibu kwa adabu, ila neno lake halikunitoka: "Mama, koili yangu inang'ara, ndiyo maana unaiona."

Sikumwelewa. Nilidhani ni kiburi cha wapangaji wa siku hizi.

Lililonifumbua macho ni harufu. Alfajiri moja chumba cha nne kikanuka plastiki inayoungua. Koili ilikuwa sawa, soketi ndiyo iliyokuwa imefanya weusi pembeni. Jirani yangu ana mjukuu wa kike anayesomea stima chuo cha ufundi, yuko mwaka wa pili. Nikamwita, nikiwa na nia mbaya, nasema wazi: nilitaka mtaalamu aje ashuhudie kuwa koili imeniunguzia nyumba, nipate hoja ya kuipiga marufuku.

Binti alikuja jioni akanikuta uani nakamua nazi. Kabla hajafungua mfuko wake akauliza, "Bibi, ukikaza mkono zaidi, tui linafanyaje?" Nikamwambia linatoka kwa wingi, swali gani hilo. "Na kifumbu kikiwa kimeshindiliwa machicha mpaka juu?" Nikamwambia linachuruzika tone tone. Akacheka. Akasema basi nimeshaijua sheria ya Ohm, ile aliyoitangaza mwalimu mmoja Mjerumani, Georg Ohm, mwaka 1827. Mkono unaokamua ni volteji, hupimwa kwa volti. Tui linalotoka ni mkondo, hupimwa kwa ampea. Na kifumbu kinachokataa kupitisha ni ukinzani, hupimwa kwa omu. Ukikaza mkono maradufu kwenye kifumbu kile kile, tui nalo maradufu. Kwa hiyo ukitaka kujua ukaidi wa kifumbu, chukua volti ugawanye kwa ampea. Na ukitaka kujua kazi inayofanyika, ambayo ndiyo wati, chukua volti uzidishe kwa ampea. Kugawanya na kuzidisha, basi. Mimi niliishia darasa la saba, na hesabu hizo naziweza.

Kisha akatoa chombo chake. Wanakiita klampu, na kichwa chake ni kama gando la kaa, kinafunguka na kuukumbatia waya bila kuukata. Nilimnyang'anya nikaubana waya wa koili mwenyewe. Ikasoma sufuri. Nikasema chombo kibovu. Binti akanieleza kwamba ndani ya kamba ile kuna nyaya mbili, mmoja unapeleka na mwingine unarudisha, na gando likizibana zote pamoja zinafutana. Alikuwa na kipande chake cha waya wa kupimia, nyaya zimetenganishwa, akaubana mmoja tu. Hapo namba zikaja.

Soketi ikiwa haina kitu ilisoma volti 236. Koili ilipowashwa ikashuka hadi 228, mkondo ampea 4.3. Piga hesabu nami, msomaji. 228 gawanya kwa 4.3 ni omu 53. 228 mara 4.3 ni wati 980. Chini ya koili kuna karatasi imeandikwa wati 1,000, na binti akaonyesha kwamba kwa volti 230 koili ya omu 53 inatoa wati elfu kamili kasoro kidogo. Kwa hiyo karatasi ile haikusema uongo, jambo ambalo si la kawaida kwa vitu tunavyouziwa.

Nikaruka juu. "Si hiyo! Karibu wati elfu!" Binti hakunijibu. Alikuwa ameshakwenda kwenye mita, koili bado inawaka, akapima pale: volti 234. Akakunja uso. Kwenye mita 234, kwenye soketi 228, yaani volti sita zinapotea ndani ya nyumba yangu, njiani, kabla hazijafika kwenye sufuria. Sita mara ampea 4.3 ni wati 26 hivi. Nikasema wati 26 si kitu, taa mbili tatu. Akaniuliza kama nimewahi kuona chuma cha fundi redio, kile cha kuyeyushia risasi. Vipo vyenye wati 25 tu, na vinayeyusha. Joto likitandazwa kwenye waya wote halidhuru, bali likikusanyika kwenye skrubu moja, hapo ndipo penye moto.

Alizima swichi kubwa, akahakikisha kwa testa mara mbili, ndipo akafungua soketi. Skrubu ilikuwa imelegea na shaba imefanya kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi, Mhariri, inakula kila kitu mjini humu, kuanzia mabati hadi bawaba za milango, kwa nini isile soketi? Akakata ncha ile, akafunga soketi mpya, akakaza. Koili ikawashwa tena: volti 233, ampea 4.4. Gawanya, utapata omu 53 zile zile. Koili haikubadilika hata kidogo. Nyumba yangu ndiyo iliyokuwa na ugonjwa, na mama wa watu alikuwa akilala nao chumbani pamoja na watoto wake wawili.

Sikukubali kushindwa upesi. Nikamwambia sawa, soketi ni yangu, lakini wati elfu ni wati elfu. Binti akauliza, "Kwa saa ngapi, bibi?"

Hapo ndipo penye fundo, na ndipo tunapojikwaa wenye nyumba wengi. Mita haituuzii wati, inatuuzia wati zilizokaa muda gani. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Mama wa chumba cha nne huchemsha mbaazi alfajiri kama saa nzima, na usiku hupika chakula cha watoto nusu saa. Saa moja na nusu, yuniti moja na nusu kasoro kidogo kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 44. Nilimtajia binti zile 275 zangu. Akaandika 44 chini yake, akatoa, zikabaki 231, akanisukumia karatasi. "Hizi nani anakula?"

Nikamtaja kijana wa tuktuk kabla hajamaliza. Maspika yale, wallahi, yakipigwa usiku wa Ijumaa hata vikombe kabatini vinaitikia. Tukabisha hodi. Mkondo ulikuwa mdogo, gando halikuona vizuri, basi binti akauzungusha ule waya mara kumi ndani ya gando na kugawanya jibu kwa kumi. Mbinu nzuri, nimeiweka kichwani. Televisheni na maspika pamoja, yakiunguruma: ampea 0.3. Mara volti 236 ni wati 70 kwa kisio la juu. Kwa saa tano kila siku, mwezi mzima hazifiki yuniti 11. Nilikuwa namtoza mia sita kwa kelele.

Mapangaboi manne tulipata kama wati 60 kila moja, na kwa joto letu yanazunguka usiku kucha. Saa nane mara manne mara siku thelathini, yuniti 58 hivi. Taa zote za nyumba, hizi za kisasa, hazizidi 11. Tukajumlisha, ikabaki pengo kubwa la kutosha kulaza ng'ombe.

Na wakati wote huo, Mhariri, tulikuwa tumekaa kwenye mkeka mwisho wa ukumbi, na nyuma ya mgongo wangu kuna kitu kinanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Friza yangu. Nauza barafu za ukwaju na maji baridi, shilingi kumi kumi, watoto wa madrasa ndio wateja wangu. Friza ile ni ya siku nyingi, inanguruma tangu wapangaji hawa hawajaja, na mtu akizoea sauti haisikii tena.

Binti aliipima: ampea 1.3. Nikamwahi kwa hesabu, nimeshakuwa mtaalamu: 235 mara 1.3 ni wati 305! Akasema hapana, usiiandike hiyo. Kwenye koili, pasi na birika, hesabu ya volti mara ampea inakupa wati kamili. Kwenye kitu chenye mota, mkondo hauji sawasawa na volteji, unachelewa. Akanikumbusha bembea za Idi pale Makadara: ukimsukuma mtoto wakati bembea inakwenda, anapaa. Ukisukuma wakati bado inakurudia, umetumia nguvu zako na mtoto hajafaidi. Kwa hiyo kwenye mota, volti mara ampea inakupa namba iliyozidi, na wati za kweli ni pungufu yake.

Tutazijuaje hizo za kweli? Akanipeleka kwenye mita na kunionyesha kitaa chekundu kinachopepesa. Nilikuwa nakiona kila siku nikidhani ni pambo. Mita yangu imeandikwa 1,000 kwa kila kilowati saa, maana yake kitaa kikipepesa mara elfu nimekula yuniti moja. (Mita nyingine zina namba tofauti, soma yako kwanza.) Tukazima kila kitu isipokuwa friza. Nikahesabu mipepeso kumi kwa saa ya simu: dakika tatu juu ya alama. Yaani mmoja kila sekunde 18, na saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo mipepeso 200 kwa saa. Wati 200. Kwa koili tulijaribu vilevile, kumi zikaisha kwa sekunde 36, karibu sawa na ile 234 mara 4.3 tuliyopima pale pale kwenye mita. Nilifurahi kama mtoto, njia mbili tofauti kukutana mlangoni.

Wati 200, sehemu ya tano ya koili. Nikapumua. Binti akarudia lile swali lake: kwa saa ngapi, bibi?

Friza isiyo na ugonjwa hupumzika. Ikishapoza, inanyamaza, ikianza kupata joto inaamka. Nilikaa nayo kutoka Alasiri hadi Magharibi, tasbihi mkononi. Haikunyamaza hata mara moja. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka chini, barafu imejijenga kuta zote unene wa kiganja, na mgongo wake nimeubana ukutani hauna pa kutolea joto. Wati 200 kwa saa 24 ni yuniti 4.8 kwa siku. Kwa mwezi, 144.

Mia moja arobaini na nne, Mhariri. Zaidi ya nusu ya nyumba nzima. Tuseme kwa ajili ya hesabu tu kwamba yuniti ni shilingi 25: friza yangu ilikuwa inakula 3,600 kwa mwezi, na mimi nikitoa mia saba au mia nane na kujiita mwadilifu. Mama wa mbaazi alitumia koili ya 1,100 nikamtoza 2,000. Barafu zangu za ukwaju ziligandishwa na wapangaji wangu, na faida nikaweka mimi.

Nilikwenda kwake usiku ule ule, maana nilijua nikilala nitapata udhuru. 900 mara miezi saba ni 6,300. Nilimwambia tutakatana kwenye kodi. Yule kijana wa tuktuk ilitoka karibu 2,300, naye akataka taslimu. Mpira wa mlango nilibadilisha, barafu nikaiyeyusha, friza nikaivuta mbele shubiri mbili. Sasa inalala zaidi ya kukesha: jumla ya kazi yake ni saa tisa hivi kwa siku, ambazo ni yuniti 54 kwa mwezi badala ya 144, na hizo nazilipa mimi peke yangu.

Kuna jambo jingine ambalo kila mtu mtaani kwetu analalamikia, nami nimepata jibu lake nusu. Mama wa chumba cha nne alikuwa akisema koili yake "inachoka" usiku. Nilimcheka. Binti akapima saa mbili za usiku, wakati mtaa mzima umewasha: volti 205, ampea 3.9. Ukinzani uko pale pale, hamsini na tatu kasoro kidogo, lakini wati zimekuwa 800, kutoka 1,025 za siku ile ya soketi mpya. Angalia ajabu hiyo. Volti zimepungua sehemu moja tu ya nane, na moto umepungua zaidi ya sehemu moja ya tano. Sababu ni kwamba mkono ukilegea, tui nalo linapungua, na wati ni zao la vyote viwili, kwa hiyo hasara inahesabiwa mara mbili. Mtu hudhani basi anaokoa tokeni. Haokoi, chakula kinakaa jikoni muda mrefu zaidi na joto linakwenda hewani. Kwa nini volti zinashuka ni swali la wenye nguzo na transfoma, si langu. Ila nawaomba wasomaji wanaolalamika wapime na kuandika saa na namba. "Stima ni dhaifu" haina jibu. "Volti 205 saa mbili usiku, siku sita mfululizo" hiyo ni barua.

Mkono ukikazwa kupita kiasi nako kuna kisa, na hiki ni cha mume wangu, Mungu amrehemu. Mwaka 1989 alirudi safari na pasi kutoka Marekani, nzuri, inang'aa, imeandikwa volti 120, wati 1,000. Alitafuta plagi ya kwetu akaifunga mwenyewe. Usiku wa kuamkia Idi akaiweka juu ya kanzu yake mpya, tukaona moshi kabla hatujaona mkunjo ukinyooka. Miaka yote hii nimesema pasi ile ilikuwa na kijicho cha mtu. Juzi nimeipigia hesabu. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 120 ina ukinzani wa omu 14.4. Stima yetu ni volti 240. Mkono mara mbili, mkondo mara mbili, wati mara nne: ampea 16 na ushee, wati 4,000 kwenye kipande cha chuma cha wati elfu. Nanyi mnaonunua vyombo vya mtumba vilivyoshuka melini, geuzeni chini msome volti kabla ya kusoma bei.

Kisa kidogo zaidi. Mpangaji mmoja aliniomba ruhusa afunge hita ya kuogea, ile ya kuchemsha maji papo hapo, wati 5,500, na fundi wake amemwambia ataichomeka kwenye soketi ya kawaida. Wati gawanya kwa volti: 5,500 kwa 240 ni karibu ampea 23. Plagi yetu mwisho wake ni 13. Nilikataa, na kwa mara ya kwanza nilikataa nikiwa na sababu mkononi. Nimempa ndoo.

Wanasema Mombasa ilipata stima mwaka 1908, pale mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alipoinunua jenereta iliyokuwa ikimulika kasri la Sultani Barghash kule Unguja. Zaidi ya karne moja imepita, na ndani ya nyumba zetu bado tunagawana gharama kwa kukisia nani ana kitu kinachong'ara na nani ana kitu kinachopiga kelele. Namwambia mwenzangu wa Kisauni: kabla hujaandika orodha, zima nyumba nzima mchana mmoja, washa kitu kimoja kimoja, kaa mbele ya mita uhesabu kitaa. Haihitaji fundi wala klampu, inahitaji saa na kalamu. Anza na vya kwako. Ila soketi na nyaya usifungue, hizo mwachie aliyesomea, na ukinzani usipimwe kamwe kitu kikiwa na stima. Hata ukipima kikiwa kimezimwa, glopu ya zamani ya uzi itakudanganya: ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo mno kuliko ikiwaka. Mimi ilinidanganya, nikapata jibu la wati mia nane kwa glopu ya sitini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kona ndogo gazetini, hata mara moja kwa mwezi, ambapo mtu ataandika namba zilizo nyuma ya chombo chake ahesabiwe yuniti zake. Binti wa jirani yuko tayari kuiandika. Anatafuta pia mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi miezi mitatu ijayo, na mahali pawili alipokwenda aliambiwa nafasi za ofisini zimejaa. Hakuwa ameomba ofisi.

Karatasi ya hesabu nimeibandika ukumbini juu ya friza, kila chumba na yuniti zake, na changu ndicho cha kwanza. Mama wa chumba cha nne husoma kila anapopita na sufuria, hasemi neno. Kijana wa tuktuk sasa analipia yuniti zake kumi na moja kwa haki, na kwa kuwa amethibitishiwa na sayansi kwamba maspika hayali kitu, ameongeza sauti. Kelele hizo bado hatujapata kifaa cha kuzipima, binti anasema kipo chuoni, atakiazima.

Mwenye nyumba,
Majengo, Mombasa